Southgate: Stesheni ya Duara

Wengi wanaoizuru stesheni ya Southgate, kaskazini mwa London, hulikodolea macho paa lake: duara bapa la zege, na juu yake nguzo fupi ya mapete yanayowaka usiku, kama mtambo wa filamu za safari za anga. Hivyo stesheni imezoea kusifiwa kama pambo, sifa inayoipunja. Jengo hili lililofunguliwa Machi 13, 1933 linastahili ulinzi wa sheria kwa jinsi linavyowapokea watu na kuwagawa. Umbo lake limezaliwa na kazi hiyo.

Tangu 1906 reli ya chini ya ardhi iliyotoka katikati ya jiji iliishia Finsbury Park, na kila jioni umati ulitoka hapo kugombania tramu na mabasi ya vitongojini. Mwaka 1923 watu wapatao 30,000 walitia saini ombi la kuirefusha, lakini kampuni ya reli ya juu iliyohofia kupokonywa abiria iliweka ngumu. Fedha za kuirefusha kupitia Southgate zilipatikana baada ya serikali, kwa sheria ya 1929, kukubali kuidhamini miradi ya kupunguza ukosefu wa ajira. Frank Pick, msimamizi wa reli za chini ya ardhi, alijua kwamba abiria wengi wa Southgate wangefika kwa basi. Kwa hiyo msanifu wake, Charles Holden, hakuchora jengo la tiketi peke yake. Alichora pia njia ya mabasi nyuma yake, na ng'ambo ya njia hiyo safu ya maduka iliyopinda kuufuata mviringo wa stesheni. Ndani, nguzo moja ya katikati inabeba paa, kwa hiyo ukuta ukabaki huru kwa madirisha pande zote. Ngazi za umeme zinateremka kwenye mahandaki, katikati yake vikisimama vinara vya shaba vya asili ambavyo, kwa maoni yangu, ndivyo vizuri kuliko kitu chochote cha humo.

Atakuwepo wa kusema huu ulikuwa mtindo tu, kwa kuwa mwaka 1930 Pick na Holden walizuru Ujerumani, Uholanzi, Denmark na Sweden kutazama majengo mapya. Ni kweli walirudi na mengi, na Arnos Grove, stesheni inayotangulia, ni duara pia. Lakini mtindo unaeleza paa bapa. Hauelezi njia ya mabasi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba reli ilileta madalali wa viwanja, na mashamba yakamezwa na nyumba zinazofanana. Hilo halikanushiki. Hata hivyo, nyumba za aina hiyo zilitapakaa pande zote za London miaka hiyo, na vitongoji vingi vilibaki barabara ndefu zisizo na kitovu. Southgate ilikipata.

Stesheni iliorodheshwa mwaka 1971 kati ya majengo yanayolindwa na sheria, na leo imo katika daraja la pili lenye nyota. Safu ya maduka nayo inalindwa. Basi anayependekeza mabadiliko asiulizwe tu kama paa litabaki salama. Aulizwe pia kama anayeshuka kwenye basi bado ataifikia treni kwa hatua chache.