Agony

Agony ni neno la Kiingereza linalotaja maumivu makali mno ya mwili au ya nafsi. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo kila mahali: kadiri ya muktadha hutafsiriwa maumivu makali, uchungu, dhiki, mateso au, mtu anapokaribia kufa, sakarati ya mauti.

Asili

Chanzo chake ni mashindano, si mateso. Katika Kigiriki cha kale, ἀγών (agon) ilikuwa kwanza kusanyiko la watu, halafu mashindano yaliyofanyika mbele ya kusanyiko hilo: mbio na mieleka ya Olimpia, lakini pia mashindano ya washairi na waigizaji. Kutokana nalo likapatikana ἀγωνία (agonia), yaani kukazana kwa mshindani, na baadaye hofu inayombana mtu asiyejua mambo yatakwishaje. Mzizi huohuo umo katika protagonist, mhusika mkuu wa tamthilia, na antagonist, mpinzani wake.

Katika Agano Jipya agonia linapatikana mara moja tu, katika Lk 22:44, Yesu anaposali kabla ya kukamatwa. Biblia ya Kiswahili ya Union Version imeweka hapo "dhiki", chaguo zuri, kwa kuwa habari yenyewe ni ya moyo unaoshindana kuliko ya mwili unaouma. Kupitia Kilatini na Kifaransa neno liliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14 likiwa na maana hiyo ya nafsi. Maana ya maumivu ya mwili ilikuja baadaye, mnamo 1600 hivi.

Kifaransa agonie kinataja hasa dakika za mwisho za uhai. Mfasiri akiliweka popote Kiingereza kinaposema agony, anaweza kumfisha mtu anayeumwa jino tu.

Katika tiba

Maana ya kukata roho imebaki katika kivumishi agonal. Hutumika kwa pumzi za kutweta, za mbalimbali na pengine zenye mkoromo, ambazo huweza kuonekana dakika chache za kwanza baada ya moyo kusimama. Waliopo karibu mara nyingi hudhani mgonjwa bado anapumua, wakangoja, na kungoja huko kunaweza kumgharimu uhai. Pumzi hizo si kupumua kwa kweli. Mtu aliyezimia, asiyeitika na asiyepumua kwa kawaida anahitaji msaada uitwe mara moja na kifua chake kianze kukandamizwa.

Magazetini

Katika Uingereza ya karne ya 19, agony column ilikuwa safu ya matangazo binafsi gazetini, kwa mfano ya kutafuta ndugu waliopotea. Siku hizi agony aunt ni mwandishi anayejibu barua za wasomaji kuhusu mapenzi na ndoa. Hata Kiswahili humwita shangazi: gazeti la Taifa Leo la Kenya lina safu ya "Shangazi Akujibu".