Mkakati wa kidijitali wa Kenya

Mkakati wa kidijitali wa Kenya ni jumla ya sera na mipango ambayo serikali imeitumia, hasa tangu mwaka 2019, kuwafunza wananchi stadi za kompyuta, kukuza biashara za mtandaoni na kuhamishia huduma za umma kwenye intaneti. Nyaraka zake kuu ni Mwongozo wa Uchumi wa Kidijitali wa 2019 na Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032, unaolenga kutandaza kilomita 100,000 za mkongo wa faiba na kufungua vituo 1,450 vya kidijitali mashinani. Mwisho wa Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma 5,000 katika tovuti ya eCitizen. Ukiupima kwa idadi hizo, mkakati unakwenda mbio. Lakini idadi hizo zinahesabu sahani zilizoandaliwa mezani, hazisemi nani amekula.

Sensa ya 2019 ilikuta kwamba asilimia 47.3 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu ya mkononi, asilimia 22.6 walitumia intaneti, na asilimia 10.4 tu walitumia kompyuta. Basi kati ya fomu ya serikali na mwenye shida lazima asimame mtu wa tatu, naye yupo: kijana wa saiba, yaani duka la huduma za intaneti. Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, foleni hufika nje ya mlango wake. Mteja anatoa kitambulisho na namba ya KRA, mamlaka ya mapato. Kijana anauliza neno la siri, mteja hakumbuki, kwa hiyo linaundwa jipya, pengine pamoja na barua pepe ambayo mwenyewe hataifungua kamwe. Karatasi inachapishwa, shilingi zinalipwa. Katika hesabu za serikali huyo ni mwananchi aliyejihudumia mtandaoni.

Wapo wanaosema hili ni la kupita: vizazi vipya vinazaliwa na simu mkononi, na saiba zitajifia zenyewe. Hoja hiyo inasahau jinsi M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilivyoenea tangu Machi 2007. Haikungoja Wakenya wahitimu mafunzo yoyote. Ilipita kwenye simu za kawaida, na kila soko lilikuwa na wakala wa kumwelekeza mgeni, huku akilipwa kamisheni. Ilifundisha kwa kutumiwa. Mpango wa shuleni ulishika njia nyingine: kompyuta walizoahidiwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013 zilianza kufika mwaka 2016 kama vishikwambi, zaidi ya milioni moja kwa jumla, na kifaa kisicho na mwalimu aliyekizoea hakina tofauti na kitabu kilichofungiwa kabatini. Wala kuwa na simu si ustadi. Anayejua kutuma video si lazima ajue kusahihisha jina lililokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa.

Njia iliyo wazi, basi, ni kumtambua rasmi kijana wa saiba kama wakala. Pingamizi zito zaidi dhidi yake linahusu siri za watu. Kufanya hivyo, wanasema wanaopinga, ni kumkabidhi fisi bucha. Hofu hiyo ina msingi, ila data hizo anazo tayari, bila leseni wala kiapo, na hata serikali haina haki ya kumnyooshea kidole: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho kipya cha kidijitali, kwa kuwa tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikufanywa kwanza. Wakala wa M-Pesa husajiliwa, hupewa namba yake na huweza kufuatiliwa muamala kwa muamala. Wa saiba angeweza kupewa akaunti ya uwakala ndani ya eCitizen, afanye kazi kwa idhini ya mteja bila kulijua neno lake la siri, na ada yake ibandikwe ukutani. eCitizen yenyewe imekuwa ikitoza shilingi 50 kwa huduma nyingi. Kijana aliyejaza fomu hapati hata senti ya hizo. Kama vituo 1,450 ndivyo vinavyotafutwa, vingi tayari vina meza, printa na foleni.