Seva ya nyumbani: anayeanza aanzie wapi?

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowashwa saa zote ili kuhifadhi picha, hati na video za familia ndani ya nyumba yenyewe, badala ya kuzikabidhi kwa kampuni ya ng'ambo. Haihitaji mashine ghali wala shahada ya kompyuta.

Mfano wa jirani

Wakazi wa mtaa wa Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, wana mfano hapo jirani, Kibera. Mtandao wa jamii wa TunapandaNET umeunganisha shule na vituo vya vijana, na masomo huwekwa kwenye seva iliyo papo hapo mtaani. Somo hilo hufunguka bila kupitia intaneti ya nje.

Umuhimu wake ulionekana Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Hata sisi wa Pwani, ambako nyaya hizo hutua Mombasa, hatukupona. Faili iliyo kwenye seva ya nyumbani hupita kwenye Wi-Fi ya nyumba tu.

Vifaa

Laptopu kuukuu inatosha, na betri yake husaidia stima ikipotea. Ikiwa imevimba, itoe. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka Uingereza mwaka 2012, pia inafaa. Mashine ya wati 20 hula takriban yuniti 14 za stima kwa mwezi.

Hatua za kwanza

1. Weka Linux, kwa mfano Debian au Ubuntu. Zote ni bure.

2. Chagua kazi moja pekee: Nextcloud kwa hati, Immich kwa picha, au Jellyfin kwa video. Nyingine zitafuata.

3. Itumie ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa kabla ya kufuta chochote kwenye simu.

4. Weka nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba, labda kwa ndugu. Mwizi, moto au maji yakiingia, seva pekee haitakuokoa. Jaribu kurejesha faili moja kutoka kwenye nakala hiyo.

5. Ukitaka kuifikia ukiwa safarini, usiifungue kwa intaneti nzima. Tumia njia iliyofungwa kwa siri kama Tailscale. Hufanya kazi hata pale kampuni ya intaneti inapowapa wateja wengi anwani moja ya pamoja.

Ukianza kuhifadhi rekodi za watu wengine, tuseme za chama au madrasa, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Kwa waliotangulia

Wengi huacha kazi hii siku ya kwanza kwa sababu aliyeulizwa alijibu kwa majina kumi ya programu. Mgeni akikujia, muulize kwanza ni kitu gani hataki kukipoteza. Kama ni picha za marehemu mamake, mwonyeshe jinsi ya kuzihifadhi hizo, ukae naye mpaka nakala ya pili ikamilike. Mengine atayauliza mwenyewe, na kuuliza si ujinga.