Bugarama, Burundi: Baiskeli yenye shehena huzuiwaje mteremkoni?

Farasi ni nadra katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Chombo kinachoweza kumshinda nguvu mpandaji wake huko ni baiskeli iliyopakiwa mikungu ya ndizi, magunia ya makaa au madumu ya mawese.

Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima iliyo nyuma yake hupita mita 2,000. Bugarama ya Rumonge imo katika milima hiyo, na isichanganywe na ile ya Muramvya, kwenye barabara ya RN1, maarufu kwa waendesha baiskeli wanaojishikiza nyuma ya malori wakati wa kupanda. Njia za huku hushuka hadi RN3, barabara ya ufukweni inayounganisha Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac.

Baiskeli, mpandaji na mzigo vyenye jumla ya kilo 200 vikishuka mita 1,000, nishati inayotoka ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji. Upepo huchukua sehemu yake, lakini kwa anayeshuka polepole karibu yote huangukia breki. Raba hupata moto, rimu nayo huchemka, na tyubu inaweza kupasuka. Mvua ikinyesha, raba huteleza kwenye rimu na breki huchelewa kukamata.

Ndiyo maana kazi ya kusimama huanza kabla ya kasi kupatikana. Kasi ikipanda kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya breki kukamata huongezeka mara nne, si mara mbili. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, baiskeli ingali imenyooka. Breki zote mbili hubanwa na kuachiwa kwa zamu, mwili ukirudishwa nyuma. Wapanda farasi huifahamu kanuni hii: farasi mwenye papara akivutwa hatamu bila kulegezwa huegemea mvuto huo na kuzidi kukimbia. Wao, hata hivyo, wana nafasi ya kumzungusha uwanjani hadi atulie. Barabara ya mlimani haina nafasi hiyo.

Mzigo nao una hila zake. Dumu la lita 20 lililojaa mawese lina uzito wa kilo 18 hivi na hutulia. Lililojaa nusu ni jepesi, lakini mafuta yake hupiga mbele mara breki inapokamata, na kuyumbisha usukani. Mzigo uliofungwa chini na kukazwa ni salama kuliko ule uliorundikwa juu ya keria.

Wengine hukandamiza soli ya kiatu kwenye tairi la nyuma. Husaidia katika mwendo mdogo. Katika mwendo mkubwa mguu unaweza kunaswa. Breki zikikatika kabisa, ukingo wa upande wa mlima, wenye majani au udongo laini, ni afadhali kuliko upande wa bonde.