Manju wa Usukuma na Historia ya Kejeli ya Hadharani

Historia ya kejeli ya hadharani, yaani sanaa ya kuwasuta wakubwa na wapinzani kwa utani wenye makali, kwa kawaida huandikwa kama historia ya magazeti. Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza, ambako jarida la Private Eye lilianza mwaka 1961, likahaririwa na Richard Ingrams kuanzia 1963, kisha mwaka 1986 likakabidhiwa kwa Ian Hislop, ambaye tangu 1990 amekuwa pia nahodha wa timu katika Have I Got News for You, kipindi cha BBC cha kuchekea habari za wiki. Usukumani, kazi hizo tatu za kutunga dhihaka, kuchagua habari na kuzieneza zilifanywa bila karatasi wala mtambo na manju, yaani mtunzi anayeongoza waimbaji wa ngoma.

Mazingira ya sanaa hiyo yanaonekana vizuri katika maeneo kama Malampaka, mji mdogo wa Wilaya ya Maswa katika Mkoa wa Simiyu, uliopo kando ya reli iliyotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928. Katika nchi hii ya wafugaji na wakulima wa pamba, miezi ya kiangazi baada ya mavuno, hasa Juni hadi Agosti, iliwapa watu nafasi na chakula cha kutosha kukutana kwa siku kadhaa, na ndiyo iliyokuwa majira ya mashindano ya ngoma.

Mashindano hayo yalijengwa juu ya upinzani wa vyama viwili, Wagika na Wagalu, ambavyo masimulizi yanavihusisha na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa umahiri wa kucheza na kwa nguvu ya dawa zao. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika viwanja vinavyokaribiana, watazamaji wakiwa huru kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kikundi kilichovuta umati mkubwa zaidi ndicho hushinda. Ndiyo maana kila upande ulitafuta samba, dawa inayoaminiwa kuwa na mvuto wa watu, na ndiyo maana pia manju hakuweza kuridhika na sauti nzuri peke yake, kwa kuwa wimbo usio na jambo jipya, au usiomchoma mpinzani kwa jina na kwa kasoro zake, uliwaachia watu sababu ya kuhamia uwanja wa pili.

Kanuni hiyo ya umati iliifungulia kejeli mlango wa kuingia katika mambo ya nchi. Nyimbo zilizokusanywa na watafiti, akiwemo Frank Gunderson ambaye kitabu chake kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma kilitoka mwaka 2010, zinagusa kilimo, ushirika, viongozi na siasa. Uzito wa jambo hili hueleweka kwa kukumbuka kwamba kuanzia 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikizuia chama cha TANU kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, lililojumuisha Usukuma, wakati ambapo wakulima wa pamba walikuwa wakijenga vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu.

Tofauti kubwa kati ya mhariri wa London na manju ipo kwa anayewahukumu. Mwaka 1989 Private Eye liliamriwa kulipa fidia ya pauni 600,000 katika kesi ya kashfa, kiasi kilichoshuka hadi 60,000 baada ya rufaa, ilhali manju alijibiwa papo hapo na manju mwenzake, kisha umati ukaamua. Hata hivyo, manju hakuwa nje ya mkono wa dola, na utafiti wa Elias Songoyi kuhusu mtunzi Kalikali umeweka wazi kwamba uhusiano wa msanii na serikali baada ya uhuru ni sehemu ya lazima ya historia hii.

Katika miaka ya 1950 padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliingiza mashindano hayo katika sherehe za Bulabo huko Bujora karibu na Mwanza, zinazofanyika wakati wa sikukuu ya Ekaristi, na hivyo yakapata kalenda na ulinzi wa taasisi. Baadaye kanda za kaseti, na kisha simu, zilichukua sauti ya manju mbali na kiwanja, lakini kwa gharama moja: msikilizaji wa rekodi hasikii jibu la upande wa pili. Historia ya kejeli ya Afrika Mashariki itakayoanzia kwenye gazeti, ikamwacha manju kwa wataalamu wa ngoma peke yao, itakuwa imewaruka wahariri wake wa kwanza.