Tumbaku ya kutafuna (Unguja)

Tumbaku ya kutafuna ni majani makavu ya mtumbaku yanayotiwa kinywani bila kuwashwa moto. Kisiwani Unguja, tangu Mji Mkongwe hadi vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje, huliwa hasa ndani ya tambuu: jani la mtambuu hupakwa chokaa, hutiwa popoo na, kwa apendaye, tumbaku, kisha hubanwa shavuni mpaka mate yawe mekundu.

Chokaa ndiyo yenye hila. Huifanya nikotini ipenye upesi kwenye ngozi laini ya kinywa, na papo hapo huichubua. Tumbaku yenyewe ina kemikali ziitwazo nitrosamini. Tumbaku hii huleta saratani ya kinywa, umio na kongosho. Wapo wanaoiacha tumbaku wakabaki na popoo wakidhani wamepona. La hasha: tathmini ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani iliyochapishwa 2004 inaitaja tambuu kuwa chanzo cha saratani hata isipotiwa tumbaku. Popoo hukakamaza shavu kwa ndani, mdomo ukawa haufunguki sawasawa. Baka jeupe lisilofutika, au kidonda kisichopona kwa wiki tatu pale tambuu inapokaa, ni cha kuonyeshwa daktari.

Sigara, kwa upande wake, huumiza zaidi mapafu, moyo na mishipa ya damu, na moshi wake humfikia hata asiyevuta. Tanzania, ambayo Unguja ni sehemu yake, iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007.