Safari ya uwakili huanza mwaka wa kwanza chuoni

MWANAFUNZI anayetoka Kitale au Bungoma kwenda chuo kikuu kusomea sheria huagwa nyumbani kana kwamba tayari amekuwa wakili. Mzazi aliyeuza magunia ya mahindi au kutumia malipo ya miwa ili kupata karo huhesabu miaka minne, kisha matunda. Wasichoambiwa wengi ni kwamba shahada ya sheria pekee haimruhusu mtu kusimama mahakamani kumtetea mteja. Baada yake kuna mlango mwingine, nao ni Chuo cha Mafunzo ya Sheria (KSL) kilichoko Karen, Nairobi. Maandalizi ya kuupita hufaa yaanze muhula wa kwanza.

Zamani njia ilikuwa ndefu zaidi. Marehemu Michael Kijana Wamalwa, aliyezaliwa Kimilili, Bungoma, mwaka 1944 na baadaye kuwa Mbunge wa Saboti, alisomea sheria Cambridge, Uingereza. Wakati huo Kenya haikuwa na kitivo cha sheria. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha chake mwaka 1970, na Wamalwa akawa miongoni mwa wahadhiri wake. Kwa vijana wa magharibi, hatua kubwa ilikuja mwaka 1994 Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha sheria. Kitivo hicho kiko Eldoret, takriban kilomita 70 kutoka Kitale.

Jambo la kwanza kukagua ni gredi za mtihani wa kidato cha nne (KCSE). Kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016 zinataka anayeingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka shule ya upili awe na wastani wa C+ na angalau B katika Kiingereza au Kiswahili. Lugha hizo mbili zina uzito sawa. Aliyepata B ya Kiswahili hana haja ya kuona haya. Kanuni hizo pia huwafungulia mlango wenye shahada nyingine, na wenye stashahada ya sheria wanaotimiza masharti.

Hapo ndipo penye mtego. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu KSL inataja njia mbili za kuingia: shahada ya sheria ya chuo kikuu kinachotambuliwa nchini, au shahada ya kigeni pamoja na gredi za KCSE zilizotajwa na kufaulu mtihani maalumu wa kujiunga. Iwapo mhitimu wa chuo cha humu nchini naye apimwe kwa gredi za KCSE ni swali ambalo limepelekwa mahakamani mara nyingi, na maamuzi hayajaelemea upande mmoja. Kwa hivyo, mwanafunzi aliyepitia stashahada asisubiri kuhitimu ndipo aulize. Anapaswa kusoma jedwali la pili la sheria hiyo pamoja na matangazo mapya ya KSL kabla ya kulipa karo ya mwaka wa pili.

Jambo la pili ni leseni. Baraza la Elimu ya Sheria (CLE) ndilo linaloidhinisha vyuo vinavyofundisha sheria, na hutoa orodha yake kwa umma. Jina kubwa la chuo si kibali. Jambo la tatu ni masomo 16 ya lazima, yakiwemo sheria ya katiba, mikataba, jinai, ushahidi, mali, na familia na urithi. Mwanafunzi ahakikishe yote yameonekana katika nakala za matokeo yake. Aidha, jina lililo kwenye kitambulisho lilingane na lile la cheti cha KCSE, na cheti chenyewe kichukuliwe mapema shuleni.

Maandalizi mengine hayana ada. Likizo ikifika, Mahakama Kuu na Mahakama ya Mazingira na Ardhi zinaketi Kitale na pia Bungoma, na kesi nyingi husikilizwa hadharani. Mwanafunzi anayekaa kimya nyuma ya chumba na kusikiliza mzozo wa shamba huona jinsi shahidi anavyohojiwa na jinsi stakabadhi moja inavyoweza kugeuza kesi. Akirudi nyumbani, anaweza kusoma hukumu bila malipo katika tovuti ya Kenya Law.

Bidii hiyo itahitajika Karen. Huko mwanafunzi hukabili mitihani tisa ya CLE, ikiwemo uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, uandishi wa kisheria, uhamishaji wa ardhi na maadili ya uwakili. Alama ya kufaulu ni asilimia 50 katika kila karatasi. Kisha hufanya mafunzo ya miezi sita chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa na Jaji Mkuu.

Familia inayopanga bajeti ya miaka minne basi imepanga pungufu. Ni heri mzazi na mwanafunzi waketi pamoja mapema, waweke vyeti mezani na kuhesabu miaka yote, kuliko kugundua mlango umefungwa wakati shamba limekwisha kuuzwa.